Gesi Haipungui Yenyewe

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam inapochemka, kuna ombi moja linalosikika kwenye kila gereji: "Fundi, niongezee gesi." Mteja kishajipima na kujiandikia dawa, anachotaka ni kuhudumiwa haraka aondoke. Fundi mbabaishaji humpenda sana mteja wa aina hiyo. Anachomeka mpira, anafungua mtungi, hewa inaanza kutoka ya baridi, anapokea chake, na wiki tatu baadaye mteja yuleyule yuko palepale na ombi lilelile. Fundi anayeijua kazi yake hufungua boneti kwanza, kisha huuliza: "Iliyokuwamo imekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo ufundi wenyewe. Gesi ya AC si petroli. Haiungui wala hailiwi na mashine. Imefungiwa ndani ya mabomba, na ile iliyotiwa kiwandani ndiyo inayozunguka mwaka hadi mwaka. Ni kweli mipira hupitisha kidogo sana kadiri inavyozeeka, kwa hiyo gari lenye miaka kumi na tano linaweza kudai nyongeza bila kuwa na ugonjwa wowote. Lakini gesi inayoisha ndani ya wiki tatu imepata tundu, na kuiongeza bila kulitafuta tundu ni kumuuzia mtu kitu ambacho kesho kitakuwa kimeshapaa juu ya Mnazi Mmoja.

Nimezoea kukaa na fundi mmoja wa Gerezani, mzee wa maneno machache, ninapopata nafasi. Vifaa vyake havitishi: pampu ya kuvuta hewa, mizani, mtungi wa gesi, na geji mbili zilizofungwa pamoja, moja ya buluu kwa upande wa presha ndogo na nyingine nyekundu kwa upande wa presha kubwa. Huzichomeka gari likiwa limezimwa. Hapo mishale yote miwili husimama mahali pamoja, na siku ya joto la nyuzi 30 itasoma karibu na 97 kwa kipimo cha psi. Watu wengi wakiona hivyo hudhani mfumo umejaa. Yeye hatabasamu. Gesi ya R134a inayotumika katika magari yetu mengi, ikiwa bado ina sehemu ya kimiminika humo ndani, itasoma namba hiyohiyo kwa joto hilo, iwe imebaki gramu 200 au 500. Mshale wa gari lililozimwa unasema jambo moja tu: mfumo si mtupu. Kama umesimama kwenye 40, basi kimiminika kimekwisha na kilichobaki ni mvuke.

Kisha anawasha injini na kubonyeza kitufe cha AC, na sasa anasikiliza. Kompresa inashika kwa mlio mfupi, "tak", mshale wa buluu unashuka, mwekundu unapanda. Kama wa buluu umetua karibu na 30, anajua kwamba ndani ya evapoleta, nyuma ya dashibodi asikoweza kufika bila kubomoa nusu ya gari, joto liko nyuzi moja hivi juu ya sifuri. Amejuaje? Presha na joto la gesi inayochemka havitengani, ukikijua kimoja umekijua cha pili, na ndiyo maana geji hizo zina mduara mwingine wa namba uliochapishwa ndani, namba za joto. Wengi huutazama mduara huo kama pambo. Mzee huyu huusoma kwanza.

Kinachofanyika humo si kuletwa kwa baridi, kwani baridi haina pa kutoka. Kinachofanyika ni kuhamishwa kwa joto. Nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi inasisimka kwa ubaridi kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke inachukua joto la mwili wako. R134a ina haraka kuliko spiriti: ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Inapita kitundu chembamba, presha inashuka ghafla, inachemka ndani ya evapoleta na kunyonya joto la hewa ya chumba cha gari. Kompresa inaukamata mvuke huo na kuubana mpaka uwe wa moto kuliko hata jua la nje, ili kondensa iliyoko mbele ya rejeta iweze kulitupa joto hilo barabarani. Mvuke unarudi kuwa kimiminika, safari inaanza upya. Joto la kwapa lako linaishia kwenye uso wa bodaboda aliyesimama kando ya gari lako kwenye foleni ya Ubungo.

Foleni, kwa kweli, ni kipimo kizuri. Dereva akisema, "Nikikimbia inapoza, nikisimama inaniletea joto," fundi mzuri huacha kufikiria gesi kwa muda. Gari likienda, upepo unapita kwenye kondensa wenyewe. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Pengine feni imekufa, pengine kondensa imezibwa na matope na mabawa ya wadudu wa safari ya Dodoma. Nimemwona mzee akichukua kopo la maji na kuimwagia kondensa taratibu huku macho yake yakiwa kwenye geji nyekundu. Mshale uliokuwa umepanda kupita 300 ukateremka kama umeitwa. Hakuongeza gesi hata chembe. Alituma kijana aoshe kondensa kwa maji yasiyo na presha kali, maana mapezi yale ya alumini hulala yakipigwa mpira wa kuoshea magari, halafu akabadilisha feni. Mteja alitaka kujua mbona hajalipia gesi. Akaambiwa, "Gesi unayo, bosi."

Tundu lenyewe hutafutwa kwa subira, na hapa ndipo naupenda ufundi huu zaidi. Ndani ya kila mfumo kuna oili kidogo inayosafiri na gesi ili kuilainisha kompresa. Gesi ikitoka, oili hutoka nayo. Vumbi la Dar likatua juu ya oili. Kwa hiyo kabla ya povu la sabuni, kabla ya rangi inayong'aa chini ya tochi ya buluu, mtu hupitisha macho tu: kiungo gani kina doa jeusi lenye unyevu? Mara nyingi ni oringi ya shilingi chache iliyokauka. Mara nyingine ni vali ya kujazia, na kifuniko chake cha plastiki kilichopotezwa na fundi aliyepita, kifuniko ambacho wengi hawajui kuwa nacho kina kazi ya kuziba. Kondensa za magari yanayolala Kigamboni au Msasani huoza kwa chumvi ya bahari, zikavuja kwa matundu yasiyoonekana.

Tundu likishazibwa, inakuja kazi ambayo wateja huichukia: kuvuta hewa. Pampu inanguruma nusu saa, na kwa macho ya mtu mwenye haraka hakuna kinachotendeka. Kumbe kuna maji yanayochemshwa bila moto. Unyevu ulioingia mfumo ulipokuwa wazi hautoki kwa kufutwa. Ila presha ikishushwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya presha ya hewa ya kawaida, maji huchemka kwa nyuzi 30 tu, yaani kwa joto la kivulini, yakavutwa nje kama mvuke. Yakiachwa, yataganda kwenye kile kitundu chembamba na kukiziba, au yatashirikiana na gesi na oili kutengeneza asidi inayokula chuma kimyakimya. Pampu ikizimwa, mzee hufunga vali na kungoja tena. Mshale ukipanda, bado kuna pa kuvujia. Mshale ukikaa, mtungi unawekwa juu ya mizani.

Mizani! Hicho ndicho kifaa ninachokitafuta kwanza nikiingia kwenye gereji nisiyoijua. Chini ya boneti ya magari mengi kuna karatasi ndogo iliyobandikwa, imejaa maandishi ya Kijapani, lakini katikati yake kuna HFC134a na idadi ya gramu, mathalani 470. Anayejaza kwa kukisia, au kwa kushika bomba mpaka lipoe, anaweza kuzidisha. Na gesi iliyozidi haipozi zaidi. Inajaa kwenye kondensa kama kimiminika, inachukua nafasi ya kutolea joto, presha inapanda, kompresa inaumia.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye AC ya kiwandani, mwaka 1939, mtambo ulikula sehemu kubwa ya buti na haukuwa na klachi, kile kifaa kinachoishika na kuiachia kompresa. Aliyetaka kuuzima kwa muda mrefu alisimamisha gari, akafungua boneti, akavua mkanda. Ule mlio wa "tak" tunaoudharau ulikuwa bado haujazaliwa.

Hita ni ndugu wa AC aliyesahauliwa pwani. Magari haya ya Kijapani yalitengenezewa nchi ya theluji, yakaja na kijirejeta kidogo nyuma ya dashibodi kinachopitisha maji ya moto ya injini. Kikitoboka, utaona ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele na kunusa harufu tamutamu, na kapeti la upande wa abiria litalowa. (Kapeti likilowa maji safi yasiyo na harufu, ni mrija wa kutolea maji ya AC umezibwa, matone yanayodondoka chini ya gari mchana wa joto ni dalili ya uzima, msiyaogope.) Fundi wa Dar akikuta hita inavuja, mara nyingi huchukua mipira miwili na kuiunganisha, maji yasipite huko tena. "Hita ya nini huku?" Sawa. Halafu mwenye gari anakwenda msibani Njombe mwezi wa saba, alfajiri ukungu umeshika Makambako, kioo kimepauka ndani, na anaendesha huku akikifuta kwa kanga ya mkewe.

Kumbe kazi ya kukausha kioo hita na AC huifanya pamoja. Katika magari mengi hewa hupita kwanza kwenye evapoleta, inaacha unyevu wake pale, kisha inapita kwenye hita na kutoka kavu na ya moto. Anayewasha hita peke yake hupasha unyevu moto tu. Madereva wa zamani wa njia ya Iringa wanajua na matumizi mengine: mshale wa joto la injini ukianza kupanda katikati ya mlima Kitonga, zima AC, fungua hita mpaka mwisho na vioo vyote. Mtaoka, lakini kile kijirejeta cha pili kitasaidia kuinusuru injini mpaka mfike pa kusimama.

Na ile gesi iliyokwenda ilikwenda wapi hasa? Magari ya zamani yalitumia R12. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda mpaka angani na kuharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzibana, na R134a ikachukua nafasi. Hii haigusi ozoni, lakini kwa kipimo cha miaka mia, kilo moja yake inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya kaboni dioksaidi. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa jirani, yakakubaliana kuipunguza nayo pamoja na jamaa zake. Ulaya imeshahamia R1234yf kwenye magari mapya, gesi ghali na yenye kushika moto kidogo. Sisi tunaopokea magari yakiwa yameshatumika tutakuwa na R134a kwa miaka mingi. Mtambo wa kuivuta na kuihifadhi ni ghali, na siwezi kumlaumu fundi wa kibandani asiyekuwa nao. Ninayemlaumu ni yule anayetia gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi, akamfungia mama na watoto wake kwenye gari lenye bomba la moto mbele ya miguu yao.

Somo jipya Gerezani ni magari ya haibridi. Katika mengi yao kompresa haina mkanda. Inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, wa volti nyingi, na nyaya zake za rangi ya chungwa hazichezewi. Oili ya kawaida ya AC hupitisha umeme kiasi cha kuitia kompresa hiyo hitilafu, kwa hiyo inatakiwa oili ya aina nyingine, na hata mabaki ya oili ya zamani ndani ya mpira wa geji yanaweza kuleta balaa. Mzee alijifunza hayo kwa kusomewa na mwanafunzi wake kwenye simu, sentensi kwa sentensi, akiuliza na kurudia. Sasa ana seti mbili za mipira, na ya haibridi imefungwa kitambaa chekundu. Dada mmoja mwenye Aqua, haibridi, alilalamika kwamba bei yake imezidi ya Vitz iliyotangulia. Mzee akamwambia kijana, "Dogo, mletee dada yako zile chupa mbili za oili aone," na akaendelea kungoja mshale.