Kuku wa Vipande: Kazi Iko Kwenye Maji

Vipande virefu vya kidari cha kuku, vilivyovishwa chenga za mkate na kukaangwa, husifiwa kwa viungo vyake. Sifa hiyo imekosa mwenyewe. Mnofu wa kuku karibu robo tatu yake ni maji, na kidari hakina mafuta ya kuficha kosa la mpishi. Anayeyatawala maji hayo ndiye fundi. Kipande kikitumbukizwa kitupu katika mafuta ya nyuzi 175 za Selsiasi, juu yake hukauka na kukakamaa upesi. Ndiyo maana huvishwa tabaka tatu. Unga mkavu hunyonya majimaji ya juu, yai hushikamana na unga na kuganda kwa joto, na chenga hukauka zikawa ganda. Mvuke hupenya ganda hilo na kutoka, huku nyama ikiivia katika unyevu wake hadi nyuzi 74. Ukiruka unga, yai huteleza, mvuke hujikusanya chini yake na ganda hubanduka.

Robert C. Baker wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikumbana na tatizo hilohilo alipobuni vijiti vya kuku vya kugandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyama yake ilikuwa ya kusaga, hivyo ilibidi kwanza aishikamanishe kwa chumvi na siki, zilizovuta protini zikawa gundi. Kisha ilibidi ganda listahimili barafu na mafuta ya moto, akalishikiza kwa mchanganyiko wa yai na nafaka. Mnofu mzima haudai kazi ile ya kwanza. Ya pili haina msamaha.

Atakayepinga atasema kuloweka nyama katika viungo ndiko kunakoilainisha. Lakini katika maji hayo ya kulowekea, chumvi ndiyo inayopenya ndani na kuzifanya protini zishike maji. Ladha ya pilipili na kitunguu saumu hubaki zaidi juu. Mwingine atasema chakula hiki hunywa mafuta tu. Mvuke unapotoka kwa nguvu, mafuta hayapati njia ya kuingia. Mengi hufyonzwa kipande kinapoopolewa na kuanza kupoa. Kwa hiyo kausha mnofu kwanza, tia chumvi mapema, usijaze karai, na chuja mafuta mara tu unapoopoa. Viungo vifuate baada ya hayo.