«Bantu na Batwa»: tunasema nini?

Tangu ugomvi wa Baluba na Batwa katika jimbo la Tanganyika, uliowaka kwa ukali mwaka 2016 na 2017, msemo mmoja umeingia katika mahubiri yetu, na hata katika sala za waamini: «Bantu na Batwa». Tuliusoma katika magazeti ya Kifaransa, tukaupokea bila kuupima. Basi, leo tuupime.

Neno «Bantu» lilitoka wapi? Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, mtaalamu wa lugha, alilitumia kwa kutaja jamaa moja ya lugha za Afrika, kwa sababu katika nyingi kati yake neno la kutaja watu linafanana na hilo. Alipanga lugha, hakupanga damu. Mwaka 1945 Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Katanga, alitoa kitabu chake La philosophie bantoue, na jina likazidi kuenea. Pole pole wengi wetu tumelifanya kuwa jina la taifa, kana kwamba Bantu ni kabila moja kubwa lenye mipaka.

Kwa kipimo cha Bleek mwenyewe, msemo wetu unaanguka mara moja. Batwa wa Tanganyika wanasema lugha za jirani zao, nazo ni za Kibantu. Kule Ituri mambo yamegeuka: Balese, watu wa vijiji na mashamba, wanasema lugha isiyo ya Kibantu, na Efe wa msituni wanaisema pamoja nao. Hata hivyo Balese nao huhesabiwa upande wa «Bantu» kila mara watu wa vijiji wanapotengwa na watu wa msitu. Basi neno halitaji tena lugha wala ukoo. Limebaki na maana moja tu: yule asiye Mutwa, asiye Mumbuti.

Tena kuna ubaya uliozidi huo. Muluba akisikia «bantu», anasikia «watu». Kwa masikio yake «Bantu na Batwa» ni kusema: «watu na Batwa». Katekista anayetamka hivyo, na Batwa wameketi kwenye benchi la nyuma, bila shaka hakukusudia kumtukana mtu. Lakini amekwisha kuhesabu watu wote, kisha ndipo akawataja wao.

Wengine watajibu: jina halipigi mtu. Lakini katika vijiji hivyo hivyo twasikia «Batwa wangu», «Bambuti wetu», kama vile mtu anavyosema «mbuzi wetu». Neno dogo hili linatembea pamoja na mambo mazito: kazi ya shamba isiyolipwa sawa, kikombe cha pembeni, ardhi inayogawanywa bila wao kuulizwa.

Na «Pygmée»? Neno hili ni la Kigriki, linatoka katika kipimo cha mkono tangu kiwiko hata ngumi. Homeri aliwataja watu wa jina hilo wakipigana na korongo. Ni jina la hadithi, lenye kupima urefu. «Mbilikimo» ya Kiswahili haipiti hapo: twasikia kimo ndani yake, ukoo hatuusikii. Je, tulifute kila mahali? Hapana. Sheria ya nchi yetu, namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, imelitia «Pygmée» katika kichwa chake, nayo inalinda haki zao juu ya ardhi na mali ya msitu. Mtu akidai haki yake mbele ya Leta kwa jina hilo, tusimsahihishe.

Tukumbuke Antiokia. Kitabu cha Matendo chaeleza kwamba huko ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristu mara ya kwanza, na Mtume Petro akafundisha kwamba si haya kuteswa kwa jina hilo. Wanafunzi walilipokea, nasi twalibeba mpaka leo. Basi chanzo cha jina peke yake hakitoshi kulihukumu. Mwenye kubeba jina ndiye mwenye neno la mwisho.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, tutaje pande zote mbili kwa majina yao ya kweli: Baluba na Batwa, Balese na Efe, Babira na Bambuti. Pili, tuache «wetu» yenye kuwafanya watu kuwa mali. Tatu, kabla ya kuandika kabila la mtu katika kitabu cha ubatizo, tumwulize mwenyewe au wazazi wake.

Twajua kwamba maneno mazuri hayarudishi shamba lililonyang'anywa, wala hayamwondoi Mutwa kwenye benchi la nyuma. Lakini padri asiyewahesabu Batwa kati ya watu anapohubiri, atawatetea namna gani mbele ya chefu? Mfratri anayetayarisha mahubiri yake ya kwanza aisome karatasi yake kwa sauti, akifikiri Mutwa ameketi mbele yake. Neno ambalo angeona haya kulitamka hapo, alifute.