Peponi: Bidhaa Zina Majina, Watu Wana Bei

Riwaya inayopinga tamaa ya mali huharibika pale mwandishi anapopanda mimbari. Katika Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, Abdulrazak Gurnah ameukwepa mtego huo: anaiacha mali ijieleze, na katikati yake anamweka Yusuf, mtoto asiyejua bei ya kitu.

Tazama sarafu. Kila mfanyabiashara tajiri Aziz, ambaye Yusuf humwita ami, anapokuja nyumbani kwao Yusuf, humwachia sarafu ya ana kumi. Mtoto huingoja kwa hamu, na msomaji huuona ukarimu wa ami. Kisha Yusuf, akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili, anapandishwa gari la moshi kwenda pwani. Huko, katika duka la Aziz, Khalil, kijana wa dukani, anamfumbua macho: huyu si ami yako, wewe ni rehani ya deni la baba yako. Gurnah haielezi tena ile sarafu. Msomaji anarudi nyuma mwenyewe na kuona kwamba mtoto alikuwa akizoeshwa mkono wa mdai wake.

Bustani ya Aziz imejengwa kwa mbinu hiyohiyo. Kuna maji, miti ya matunda na kivuli, lakini pia kuna ukuta, na vioo vimetundikwa mitini ili bibi wa nyumba aitazame bustani bila kuonekana. Pepo yenyewe ni mali ya mtu, na wanaoitunza ni mali pia.

Safari ya msafara wa biashara wa Aziz kwenda bara, ambamo Yusuf anachukuliwa, ndiyo inayotugusa sisi wa njia ya Tabora. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, eneo la Tabora, mwaka 1857, vitambaa vya merikani na kaniki pamoja na shanga ndivyo vilivyokuwa fedha. Kila nchi ilikuwa na shanga zake. Ukibeba zisizopendwa huko uendako, hupati hata chakula. Merikani, kitambaa kilichofumwa Massachusetts, kilikwisha kuvaliwa Unyanyembe, nchi ya Tabora, miaka mingi kabla mwandishi wa habari Stanley hajafika Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871. Basi tamaa ya bidhaa za mbali haikuanza na maduka ya leo. Gurnah anaijua historia hiyo, na ndiyo maana chifu Chatu hakumchora kama mjinga anayehadaiwa kwa ushanga. Chatu aliwahi kudhulumiwa na mfanyabiashara mwingine, kwa hiyo anaunyang'anya msafara wa Aziz kulipiza hasara yake. Naye pia anapiga hesabu. Mzungu anapotokea na kuamuru mali irudishwe, tunajua soko limepata bwana mpya.

Kasoro iko kwa wapagazi. Wanatembea, wanaimba, wanaugua na kufa, lakini aghalabu ni kundi tu. Wapagazi Wanyamwezi halisi wa njia hiyo walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa ujira, wakapatana bei na kurudi kwao na nguo. Wengine waliongoza misafara yao wenyewe hadi pwani. Walikuwa wanunuzi pia. Riwaya inayouliza nani ananunuliwa ingepata makali zaidi kama ingewauliza na wao walitaka kununua nini.

Hata hivyo, kwa ufundi wa kuifanya sarafu moja ibebe hatia ya biashara nzima, Peponi ni darasa. Mwalimu wa fasihi Tabora asiiache nje ya darasa lake.