Maji ya mgomba na gauni ya mtoto: "rafiki wa mazingira" kwa nani?



Mwaka jana mtoto wa dada yangu alipita karibu sana na mbabula, gauni yake ya kikwembe ikashika moto. Mama jirani alimfunika na blanketi yenye maji. Alipona, lakini alama iko kwenye mguu mpaka leo. Tangu pale nasoma kila kitu kuhusu pamba isiyowaka. Na juu mimi ni mtu wa agronomia, nilifurahi kuona majibu mengi yanatoka shambani. Niseme kinachonipendeza na kinachonikwaza.

Kwanza sifa. Huko Mumbai, India, watafiti wa pamba walichukua maji ya shina la mgomba, wakapaka kitambaa cha pamba kilichotayarishwa kwa tanini na shabu. Pamba ya kawaida inaendelea kuwaka hata hewa ikiwa na oksijeni asilimia 18 hivi. Ile iliyopakwa ilihitaji karibu 30. Hewa tunayovuta iko na 21, kwa hiyo ndimi za moto zinazimika. Chumvi za madini, potasi ikiwa ndani, zinafanya pamba igeuke makaa mapema badala ya kutoa gesi inayowaka. Wataliano wa Torino walitumia kaseini, protini ya maziwa. Watafiti wa Texas, mwaka 2012, walipanga tabaka za kitosani, inayotoka kwenye magamba ya kamba, pamoja na asidi ya fitiki, ile ya pumba na mbegu. Kazi nzuri, na sababu iko: mwaka 1977 Marekani ilikataza dawa ya Tris kwenye nguo za kulalia za watoto, juu ya hofu ya kansa. Hatuwezi kumkinga mtoto na moto kwa kumvalisha sumu.

Sasa kasoro.

Ya kwanza ni kufua. Chumvi inayoyeyuka kwenye maji inaondoka na maji. Sheria ya Marekani inadai nguo ya kulalia ya mtoto ipimwe hata baada ya kufuliwa mara 50. Gauni inayofuliwa kila juma inafika hapo kwa mwaka mmoja tu. Dada yangu angemvalisha mtoto akidhani analindwa, kumbe kinga ilibaki kwenye beseni tangu Jumamosi ya kwanza. Hiyo ni mbaya kuliko kukosa kinga, juu mtu anaacha kuogopa.

Ya pili ni shamba. Makala za namna hii huita shina la mgomba takataka. Muulize mkulima wa Masisi ao Rutshuru! Akishakata ndizi, shina linalala chini, linafunika udongo, linaoza, na potasi inarudi kwa migomba mingine. Tukilibeba kuja Goma, nani atairudisha? Na maziwa ya kaseini ndiyo yale yale ya jibini ya Masisi na ya uji wa watoto. Kitu hakiwi rafiki wa mazingira juu tu kimetoka kwenye mmea. Lazima tuhesabu tangu shambani.

Ya tatu ni nguo yenyewe. Nyingi ya mitumba tunayovaa ina poliesta ndani. Poliesta inayeyuka na kunata kwenye ngozi, na dawa iliyotengenezwa kwa pamba haifanyi kazi ile ile juu yake.

Basi tutupe yote? Hapana. Mimi naona nafasi kwenye rido. Nyumba zetu za mbao zinagawanywa na rido, umeme ukikatika mshumaa unawaka karibu yake, na rido haifuliwi kila juma. Wenzetu wa kemia, kazi ni hii: chukueni pamba ya soko letu, pakeni, chomeni kipande nje, fueni na sabuni yetu, chomeni tena, muhesabu mara ngapi kinga inavumilia. Mkituletea hesabu hiyo, mimi nitatafuta wakulima wa kuzungumza nao, na bei ya kuwalipa shina.

Wakati tunangoja, mbabula ya dada yangu tumeiinua juu ya mawe ya volkano, mtoto asiifikie. Mawe, hapa Keshero, hayakosekani.