Saa Saba Darajani: Hapa Ndipo Msafara wa Masuguru Uliposhindwa

Mlioitazama ile video ya msafara wa kikundi cha wanawake wa kijijini Masuguru kwenda Zanzibar mnaikumbuka sauti ya kiongozi wetu pale nje ya soko la Darajani. Ni saa saba mchana, jua kali, mabegi bado yako mabegani. Akina mama wamesimama mbele ya meza za mama lishe na masufuria yamefunuliwa. Dada yetu anasema: "Jamani, hapa hatuli. Tuache nafasi ya Forodhani." Anamaanisha bustani ya Forodhani, ambako wangekula usiku. Watu wanapiga makofi. Mimi nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila nikiirudia naona jambo lile lile: msafara ulishindwa pale, saa sita nzima kabla ya mtu yeyote kugusa mshikaki. Tangu warudi, lawama zote anabebeshwa muuza pizza wa Forodhani. Huo ni uonevu.

Tukumbushane walichokubaliana. Kila mmoja akanyage mzani wa zahanati kabla ya kuondoka, aende akale anachotaka bila kukatazwa kitu, halafu akirudi mzani usome vile vile au karibu na hapo. Mpango huo niliuunga mkono tangu siku ya kwanza na naendelea kuuunga mkono. Sukari na presha zimeshapiga hodi nyumba nyingi za kwetu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na hesabu hiyo haikuishia Dar es Salaam. Kikundi cha wanawake wa kijijini kinachosema "twende tukafurahi, lakini turudi salama" kinafanya kazi ambayo wengine wanaifanyia semina hotelini.

Na mengi waliyafanya vizuri. Machungwa ya Michungwani badala ya soda njiani, kifungua kinywa kizuri kule walikolala Dar es Salaam, maji ya kutosha, na kwenye boti hakuna aliyetapika. Hayo yamepita, sina neno.

Sasa turudi Darajani. Simamisheni video pale kamera inapopita juu ya meza, muangalie vizuri kilichokuwepo. Wali wa nazi. Samaki wa mchuzi. Maharage. Mchicha. Bakuli la kachumbari, na ndizi mbivu zimening'inia pembeni. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania inatuhimiza kila siku kuchanganya makundi ya chakula, yaani wanga, mboga za majani, matunda, jamii ya kunde, vyakula vya asili ya wanyama na mafuta kidogo. Makundi yote hayo yalikuwa pale, juu ya meza moja, kwa bei ya mama lishe. Sahani moja ya wastani yenye samaki, maharage na mchicha mwingi ingembeba mtu mpaka usiku bila kuhangaika. Protini ya samaki na nyuzinyuzi za maharage hukaa tumboni muda mrefu, na mtu aliyekula hivyo hufika jioni akiwa na hamu ya chakula bila kuwa na njaa. Hamu na njaa ni vitu viwili. Forodhani inataka mtu mwenye hamu, maana mwenye njaa hachagui.

Kiongozi wetu alipiga hesabu ambayo wengi huipiga: nikiacha mlo mmoja nimeokoa chakula cha mlo mmoja. Kwenye karatasi hesabu hiyo inakubali. Kwenye mwili wa mtu aliyekunywa chai saa kumi na mbili asubuhi, akavuka bahari, akatembea vichochoro vya Mji Mkongwe kwenye joto hadi jioni, inagoma. Kwanza, njaa haikusubiri. Dakika ya pili ya video mnaziona soda mikononi, na mnaona pakiti za biskuti zinapita kutoka kiti hadi kiti kule barazani. Ule mlo ulioachwa ulikuwa umeshalipwa kwa sukari tupu kabla ya saa kumi. Pili, walipofika bustanini saa moja usiku walikuwa na saa kumi na tatu bila chakula cha maana. Mtu wa hali hiyo akiwekwa mbele ya safu ya meza zenye taa, moshi na harufu ya samli, hana tena uamuzi wa kufanya. Mwili umeshaamua.

Ndiyo maana walivamia meza ya kwanza, ile ya pizza. Nataka mlione hilo vizuri, kwa sababu ndilo linalolaumiwa. Fundi wa pizza anachukua donge la unga, analitandaza kwa vidole kwenye meza iliyopakwa mafuta mpaka linakuwa jepesi la kupitisha mwanga. Anatia nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, anapasua yai, anaongeza kijiko cha mayonezi na jibini, anakunja pembe nne na kuitupa kwenye chuma. Anamwagia samli pembeni. Akigeuza, anamwagia tena. Kazi nzuri kabisa, chakula kitamu, na mtu mmoja akila robo yake akiwa ameshiba nusu hapati tatizo lolote. Lakini hawa dada zetu kila mmoja aliagiza yake, akaimaliza amesimama, akaingia kwenye urojo, halafu mishikaki, halafu pizza ya chokoleti na ndizi. Na miwa! Glasi moja ya juisi ya miwa ina sukari gramu 30 hivi au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linatutaka tusifikishe gramu 50 za namna hiyo kwa siku nzima, ikiwezekana tubaki 25. Kwenye video nimeona mtu anashika glasi mbili, na ya pili hakuwa anamshikia mwenzake.

Shibe huchelewa. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuuarifu ubongo kwamba mzigo umefika. Anayekula polepole hupata taarifa akiwa katikati ya sahani. Aliyeshinda na njaa huipata sahani ya tatu ikiwa tupu. Kula polepole bila kushinda na njaa ndio ufundi wote wa kula vizuri safarini bila kunenepa, na uamuzi wa Darajani uliuvunja.

Kuna waliomtetea kiongozi kwa hoja nzito, nami naijibu kwa uzito. Wanasema: "Mbona tunafunga Ramadhani, tunashinda na njaa kutwa, na hakuna ubaya?" Ndugu zangu, tazameni mfungaji anavyofungua. Kabla ya alfajiri alikula daku. Adhana ya Magharibi ikiita, anaanza na tende na maji, pengine kikombe cha uji. Kisha anaondoka mkekani kwenda kuswali. Akirudi, ule muda umeshafanya kazi yake: sukari ya tende imeingia, njaa imepungua makali, na futari anaikalia kwa utulivu. Hekima hiyo ina umri wa karne nyingi, na pwani yetu nzima inaijua. Wanaoivunja, wanaorukia sambusa na bajia za mafuta kabla ya maji kushuka, ndio hao hao wanaoshangaa kumaliza mfungo wakiwa wazito kuliko walivyouanza. Dada yetu aliwafungisha watu bila daku na akawafuturisha bila tende. Mfungo ukikosa ngazi zake, kinachobaki ni njaa.

Tena angeweza kujiokoa hata jioni. Saa kumi na mbili na nusu adhana iliita wakiwa hatua chache kutoka Ngome Kongwe, jirani na bustani. Ndizi mbili kwa kila mtu na chupa ya maji, nusu saa ya kukaa ukutani kuangalia vijana wanavyojirusha baharini, kisha mzunguko mmoja wa bustani bila kununua. Mzunguko mmoja! Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya 2009, njia zake ni pana na zimepangwa vizuri, mtu anaizunguka bila kuharakisha na kurudi alipoanzia muda si mrefu. Ukishazunguka unajua pweza yupi ametoka kwenye moto sasa hivi na yupi amepashwa moto tangu jioni, nani ana ngisi, nani ana mkate wa kumimina. Unachagua vitu viwili vya kukumbuka, unagawana na mwenzako. Abiria wazoefu wa zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga Malindi ya Unguja hufanya hivyo hivyo: melini chakula kiko wazi asubuhi hadi usiku wa manane, nao wanakula kwa saa zao, wanapitia meza zote mikono mitupu kabla ya kushika sahani, na wanapanda ngazi kwa miguu. Ambaye haachi mlo hana haja ya kulipiza.

Haya yote mimi nimeyasema miaka mingi kuhusu safari zetu za barabarani, na nitayasema tena. Safari za basi ndizo zilizotuharibu. Basi linaingia hotelini, kondakta anatangaza dakika 20, na mtu anatakiwa ndani ya dakika hizo aende msalani, apange foleni, ale, arudi kwenye siti. Anakula nini? Chipsi kuku, kwa sababu ziko tayari, na soda baridi. Sahani ile inavuka kilokalori 1,000 bila jasho, halafu anakwenda kukaa saa sita. Maji hanywi, anaogopa kuomba basi lisimame akachimbe dawa. Tumezoeshwa kula kwa hofu ya kuachwa, na hofu hiyo tunaivusha mpaka Unguja ambako hakuna basi linalotusubiri.

Waliosafiri kwa treni hawakuwa hivyo. Reli iliyotoka Tanga ilifika Korogwe 1902, na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha na Reli ya Kati 1963. Kizazi kilicholelewa na reli hiyo kilijua kusafiri na tumbo lake. Kwenye behewa la chakula ulitembea kwa miguu kulifikia, ukakaa, ukaletewa wali na maharage, ukala ukiangalia mashamba ya mkonge yanapita. Asiye na hela ya behewani alifungua kikapu chake: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, yai. Walikula wakati wa kula ulipofika. Treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019 nilifurahi kwa sababu nyingi, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Hata ndani ya kikundi hiki hiki tuna wa kumtolea mfano. Mwenyekiti aliyepita, wakati anaupeleka msafara Pangani, alipiga simu tangu jana yake kuagiza chakula cha mchana: ugali, samaki, mboga za majani sufuria mbili. Watu wakanung'unika kwamba tumekwenda ufukweni kula ugali wa nyumbani. Yeye akanyamaza, akahakikisha kila mtu amekula. Jioni kamba walipotoka jikoni, watu walikula wachache wachache kwa kuwafaidi, wakazungumza, wakaimba, wengine wakabakiza. Wakarudi nyumbani na mzani haukusema kitu. Mama yule hakuwahi kusoma lishe. Alipika kwenye misiba na harusi maisha yake yote, na alijua kwamba ukichelewesha chakula cha watu, jioni utakosa sahani.

Kuhusu mzani wa Jumatatu, ule waliokanyaga baada ya kurudi, nawasihi walioona umepanda wasikate tamaa wala wasianze kujinyima. Sehemu kubwa ya kilichoonekana siku ya kwanza ni maji. Chumvi ya mishikaki na urojo huyashika maji mwilini, na kila gramu ya wanga inayowekwa akiba kwenye misuli na ini hukaa na gramu kama tatu za maji. Kunyweni maji, rudini kwenye mlenda na jembe, kanyageni tena Jumatatu inayofuata. Kitakachobaki siku hiyo ndicho cha kukihesabu, na kitakuwa kidogo. Ila kidogo hicho kisidharauliwe. Mwaka 2000, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Wamarekani 195 waliopimwa kabla na baada ya msimu wa sikukuu. Kwa wastani waliongezeka kilo 0.37, chini ya nusu kilo. Tatizo ni kwamba mwaka uliofuata uzito huo haukutoka, na msimu mwingine ukaja juu yake. Hivyo ndivyo mtu anavyofika miaka hamsini akiwa na kilo ishirini asizokumbuka alizipatia wapi.

Nimesikia kikao cha kupanga safari ijayo kimeitwa, na kwamba pendekezo la kwanza mezani ni kuifuta Forodhani kwenye ratiba. Nalipinga. Ifutwe kwa lipi? Pweza wa Forodhani hakumkosea mtu, na wanawake wanaolima mwaka mzima wana haki ya kumla chini ya taa wakicheka. Wapeleke msafara Zanzibar tena, walale hata siku moja zaidi. Uongozi wa safari abaki nao dada yetu, maana kwenye tiketi, malazi na hesabu za fedha hana mpinzani. Ratiba ya chakula apewe mama wa Pangani, na saa saba mchana neno lake liwe la mwisho.