Pongezi kwa Fundi wa Gari la Mtoto

Gari la mtoto la betri likigoma, wengi huliona limekufa. Fundi wa redio wa mtaani hulipima kwanza, na kwa hilo anastahili pongezi. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikikaa miezi bila kuchajiwa, mabamba yake huota salfeti, isishike chaji tena. Mota na gia mara nyingi ni nzima. Mita ikisoma volti 9 baada ya kuchaji usiku kucha, mhusika ameshajulikana: ni betri. Wapo watakaosema gari jipya ni salama zaidi. Lakini usalama hutokana na fyuzi ya kiwango kilekile cha awali, na fundi makini hukataa katakata kuweka waya mahali pake, hata mteja akiwa na haraka.