Ukumbi mmoja, nchi mbili: VLAN imfuate ofisa, si poti

Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Tangu hapo, anayetoka Kenya kuingia Uganda hasimami mara mbili. Hupita hadi upande wa Uganda, na huko huwakuta maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Malaba, wilayani Tororo, utaratibu ni huo huo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 humruhusu ofisa wa Kenya kutumia sheria za nchi yake akiwa kwenye ardhi ya jirani.

Kwa msafiri hiyo ni nafuu. Kwa fundi wa mtandao ni mtihani. Forodha ya Uganda hutumia mfumo wa ASYCUDA, ya Kenya ina iCMS, na hapo hujawahesabu watu wa uhamiaji. Swichi za Busia zenyewe nawaachia wenyewe. Mimi nauazima ukumbi tu, maana swali la VLAN, yaani kuigawa swichi moja iwe mitandao kadhaa iliyotengana, halina mfano ulio wazi kuuzidi huo.

Njia ya zamani ni kugawa poti: 1 hadi 12 za Kenya, 13 hadi 24 za Uganda. Inafaa mpaka siku meza zitakapohamishwa. Ofisa akichomeka kebo kwenye tundu lisilo lake, amejikuta ndani ya mtandao wa serikali nyingine, na swichi haijui lolote.

Wapo wanaokimbilia VLAN za protokali, zilizowekewa kiwango cha 802.1v mwaka 2001. Hapa swichi husoma namba ya aina ya protokali iliyo ndani ya fremu isiyo na lebo: 0x0800 ni IPv4, 0x86DD ni IPv6, 0x8137 ni IPX ya Novell. Kila namba hupelekwa VLAN yake. Enzi ambazo ofisi moja ilikuwa na IPX, AppleTalk na IP kwa pamoja, mgawanyo huo ulikuwa na maana. Leo kila mashine inasema IP. Ni sawa na kutaka kumtambua Mkenya na Mganda pale Busia kwa kusikiliza lugha: Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile, na Kiswahili kinavuka bila pasi.

Hata panapofaa, njia hiyo ina mtego. Fundi huipeleka 0x0800 VLAN 20, akasahau 0x0806, yaani ARP. Kompyuta inapouliza anwani ya MAC ya ruta, swali linabaki kwenye VLAN ya kawaida ya poti, ambako ruta haipo. Mipangilio yote inaonekana sahihi, taa zinawaka, na hakuna kinachopita. ARP lazima iandamane na IPv4, na poti iruhusiwe kutoa fremu za VLAN hiyo bila lebo.

Linalofaa ukumbi kama huu ni VLAN badilifu kwa 802.1X. Ofisa anachomeka kebo popote. Swichi inaizuia poti hadi ajitambulishe. Seva ya RADIUS, ile inayothibitisha watumiaji, ikimkubali, hurudisha sifa tatu: Tunnel-Type yenye thamani 13, Tunnel-Medium-Type yenye 6, na Tunnel-Private-Group-ID yenye namba ya VLAN, tuseme 110 kwa Kenya na 120 kwa Uganda. VLAN hizo ziwe zimeshaundwa kwenye swichi, la sivyo ofisa atakataliwa hata kama neno la siri ni sahihi.

Kwenye swichi za Cisco kuna mstari mmoja unaosahaulika mno:

aaa authorization network default group radius

Bila huo, mtu anathibitishwa vizuri kabisa, kisha poti inabaki kwenye VLAN ileile ya mwanzo. Fundi atashinda akikagua seva ilhali kosa liko kwenye swichi.

Printa nyingi za zamani haziwezi 802.1X. Hizo zitambuliwe kwa anwani ya MAC, lakini zifungiwe VLAN yao isiyofika kwenye mifumo ya forodha, kwa kuwa anwani ya MAC huigwa kwa dakika moja.

Linabaki swali la nani amthibitishe nani, maana hakuna serikali itakayokabidhi majina ya watu wake kwa nyingine. Vyuo vikuu vilishalijibu. Eduroam, huduma yao ya kuingia mtandaoni inayoendeshwa na KENET nchini Kenya na RENU nchini Uganda, hutazama kikoa kilichofuata jina la mtumiaji, ikapeleka ombi kwa chuo chake mwenyewe. Ukumbini pawe na seva ndogo inayofanya vivyo hivyo, ila kila nchi iweke nakala ya seva yake pale pale mpakani. Njia ya kwenda Nairobi au Kampala ikikatika, ofisa asipoteze poti yake na malori yakasimama foleni kwa sababu ya neno la siri.